Nani Alale Karibu na Mlango? Majibu kwa Yanayosemwa Kuhusu Trela za Kambi

Ikifika likizo ya Agosti au ya Desemba, trela za kambi huanza kuonekana Voi, zimefungwa nyuma ya Land Cruiser na Prado, zikisubiri mafuta na mboga kabla ya kuelekea lango la Tsavo Mashariki. Zamani tulizoea kuziona na wageni. Sasa wenye nazo ni familia za Nairobi na Mombasa, na hapa mtaani kwetu Kaloleni, Voi, mafundi wa kuchomelea wanaulizwa kama wanaweza kuunda moja kwa bei ya mwananchi. Jambo hili linanifurahisha sana. Tsavo Mashariki, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 13,000, iko mlangoni petu, na wako watoto wengi wa Voi ambao hawajawahi kulala humo hata usiku mmoja.

Ila pamoja na trela yamekuja maneno. Muuzaji ana lake, jirani aliyewahi kupanda moja ana lake, na fundi naye ana lake. Maneno mengi yanahusu mpangilio wa sakafu: kitanda kikae wapi, mlango ufungukie wapi, jiko litoke upande gani, watoto walale wapi. Nayajibu hapa moja baada ya jingine, kwa sababu anayenunua kwa kuamini maneno hayo huja kugundua kosa lake akiwa porini, gizani, na mtoto analia.

Kwanza tuelewane kuhusu aina zenyewe. Iko trela ambayo ukiifungua, kitanda cha wazazi hubaki juu yake, kwenye kimo cha kiuno, na hema hushuka ubavuni au nyuma hadi ardhini. Sakafu yake ni turubai. Iko ambayo kifuniko chake hupinduka kwenda nyuma kikawa sakafu ngumu iliyoinuka kidogo kutoka chini. Iko ambayo kifuniko hupinduka kwenda mbele, kitanda kikakaa juu ya mkono wa kuvutia trela, na nyuma kukabaki kimeza na viti vya kugeuzwa kitanda cha watoto. Na iko ya bodi ngumu yenye vitanda vya ghorofa, ambayo ni kama chumba chenye magurudumu. Nyingine zote ni mchanganyiko wa hizi.

Dai linalosikika kuliko yote ni hili: "Familia ya watu sita inunue trela ya vitanda sita."

Hesabu hiyo inaonekana haina kasoro mpaka uulize vitanda hivyo vimepatikana wapi. Vimepatikana kwa kula nafasi ya kusimama. Kimeza kinashushwa kiwe kitanda, viti vinavutwa vikutane, na ikifika saa moja jioni hakuna pa kukaa ndani. Mdogo akiwahi kulala, wengine wote wamefukuzwa. Asubuhi mvua ikinyesha, hakuna atakayevaa viatu mpaka kitanda kimoja kivunjwe, na aliyelala juu yake ndiye wa mwisho kuamka. Mvua si jambo la kufikirika tu kwetu: huku Voi na Tsavo, vuli ya Novemba na Desemba kwa kawaida huleta maji mengi kuliko masika, na ndiyo saa ya likizo ndefu ya shule.

Halafu kuna joto. Voi iko chini, takriban mita 580 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa joto karibu mwaka mzima. Watu sita chini ya turubai moja hawapati usingizi. Lakini panda na trela hiyohiyo hadi Wundanyi, mwendo wa saa moja na kidogo, ukalale karibu na msitu wa Ngangao, chini ya safu ambayo kilele chake, Vuria, kinapita mita 2,200. Huko watu sita pamoja ni neema. Ndiyo maana mimi humwambia mwenye familia kubwa atafute trela ya vitanda vinne vya kudumu, yenye chumba cha ziada cha turubai kinachofungwa kwa zipu ubavuni. Tsavo unakifungua, upepo unapita. Milimani unakiacha kwenye begi lake, mnabanana.

Sasa nije kwenye dai ambalo linaniudhi, kwa sababu ndilo linalochorwa kwenye kila karatasi ya mauzo: "Wazazi juu kwenye kitanda kikubwa, watoto chini karibu na mlango."

Fikiria saa nane za usiku. Mtoto wa miaka minne ameamka na haja ndogo. Hajui yuko wapi. Baba na mama wako juu, nyuma ya ngazi ya vidato vitatu au vinne, na wamejifunika. Kilicho karibu na mkono wake ni zipu ya mlango. Katika mpangilio ule unaosifiwa, mtoto aliyelewa usingizi anaifikia nje kabla hajamfikia mzazi wake.

Nje kwenyewe ni wapi? Ukiwa Ndololo, kambi ya umma iliyo karibu na lango la Voi, nje ni ukingo wa Mto Voi, na hakuna ua. Tembo hupita katikati ya kambi kama wanaopita uani kwao, kwa hatua ambazo mara nyingi huzisikii. Kwenye Ziwa Jipe, upande wa Tsavo Magharibi, nje ni njia ya viboko wanaotoka majini usiku kwenda malishoni. Watu wazima wanajua kukaa kimya na kusubiri. Mtoto wa miaka minne hajui.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza mlango uko wapi ukilinganisha na godoro la mdogo kuliko wote. Katika trela ya sakafu ngumu inayopinduka nyuma, mara nyingi mlango huwa ubavuni, kati ya kitanda cha wazazi na sehemu ya watoto. Maana yake wazazi wako upande mmoja wa mlango na watoto upande mwingine. Mpangilio huo ndio mbaya zaidi. Katika ile inayopinduka mbele, mlango uko karibu na kimeza, yaani karibu na watoto. Katika ile ya sakafu ya turubai, huwa kuna mlango zaidi ya mmoja, na hapo una nafuu: unaufunga wa upande wa watoto kwa kamba kutoka ndani, mnatumia ule mwingine tu.

Dawa haihitaji hata fedha. Kitanda kikubwa cha juu hakijaandikwa jina la mume na mke. Wapandishe watoto wakubwa huko. Watakifurahia, na ngazi kwao ni mchezo. Mzazi mmoja alale chini na mdogo, kati yake na mlango. Mzazi mwingine alale anakotaka. Nimeona familia zikikataa wazo hili kwa sababu muuzaji aliwaonyesha picha ya wapenzi wawili juu na taa ya njano. Waiache picha. Na kama nyanya yuko safarini, yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kitanda cha chini, maana goti la miaka sabini halipandi vidato gizani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo hakuna karatasi inayolichora: ndoo. Familia yenye watoto wadogo ikilala mbugani huwa na ndoo yenye kifuniko ndani, na hakuna anayetoka kwenda chooni usiku. Ndoo hiyo inahitaji nafasi yake sakafuni, kama nusu mita kwa nusu mita, mahali pasipo godoro la mtu, na iwe inafikika bila kumruka aliyelala. Nenda na kipimo cha tepu. Trela isiyo na nafasi hiyo baada ya vitanda vyote kutandikwa, haijalishi ina friji ya aina gani, haikuundwa na mtu mwenye mtoto.

"Sakafu ngumu ni salama, sakafu ya turubai ni kualika nyoka na simba."

Simba kwanza, kwa kuwa huku kwetu hakuna anayezungumza kuhusu hema bila kuwataja wale wawili wa mwaka 1898, waliokuwa wakiwavuta wafanyakazi wa reli kutoka kwenye mahema yao pale kwenye daraja la Mto Tsavo. Hadithi ni ya kweli, na leo simba hao wako kwenye makumbusho ya Field, Chicago, wamejazwa na kusimamishwa kwenye kioo. Lakini ukiitumia kuchagua sakafu umeitumia vibaya. Wale watu hawakushambuliwa kupitia chini. Trela ya sakafu ngumu ina kuta za turubai lilelile la ile nyingine, na mnyama mkubwa akiamua kuingia hataanza na sakafu. Kinachowalinda watu kambini ni hema lililofungwa, chakula kilichohifadhiwa mbali, na watu wasiotoka ovyo. Mpangilio unasaidia pale tu unapowarahisishia watu kutii hayo.

Kuhusu nyoka na nge, dai lina punje ya ukweli na gunia la pumba. Kifutu hapandi kirahisi sakafu iliyoinuka. Lakini sakafu ngumu ina kivuli chini yake, na kivuli katika joto la Voi hukaliwa. Halafu mahali pa bawaba, sakafu inapokutana na trela, pana mwanya ambao turubai huufunika kwa gundi ya kubandika tu, na vumbi likiijaa gundi haishiki tena. Sakafu ya turubai nzuri imeshonwa na ukuta pande zote kama beseni, kingo zikipanda kama kiganja. Ikiwa imeshonwa hivyo na zipu zinafungwa, mdudu hana pa kupita. Ikiwa sakafu imetandikwa tu na ukuta unaning'inia juu yake, hapo nakubaliana na mwenye dai: iache.

Sakafu ngumu inashinda mahali pengine, na ni haki kupasema. Inashinda kwa haraka. Familia inayolala usiku mmoja Ndololo, mmoja Jipe, mmoja Wundanyi, itachoka kupigilia vigingi kwenye ardhi ngumu kama matofali. Inashinda pia penye matope, kwa kuwa sakafu ya turubai iliyolowa huwezi kuikunja na kuifungia siku tatu. Ukungu unaingia, na harufu yake haitoki. Sakafu ya turubai inashinda kwa nafasi: watoto wanacheza, nguo zinatandazwa, mgonjwa anapata pa kulala mchana. Anayekaa mahali pamoja wiki nzima hana sababu ya kuogopa turubai.

"Jiko likiwa ndani, mama hateseki na jua wala mvua."

Hili nalipinga bila kubakisha. Jiko la makaa halifai kuingia ndani ya hema, hata kwa dakika za kuchemsha uji, hata kwa kupasha joto kwenye baridi ya Wundanyi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hema lililofungwa ni kaburi. Jiko la gesi nalo laweza kutoa sumu hiyohiyo hewa isipotosha, na mwali wake uko karibu na turubai na watoto. Tukiacha hilo, kuna harufu. Ukikaanga samaki ndani, kitanda kimekuwa ghala la chakula mbele ya pua ya fisi, nyani na tembo. Nyani wa kambini ni wezi wa mchana. Hufungua zipu, huvuta droo, na huondoka na mkate kabla hujasimama. Jiko la kuvutwa nje kama droo, lenye kufuli, nje ya hema na chini ya kivuli cha turubai, linatosha. Na mama si peke yake mwenye mikono.

Swali la kweli kuhusu jiko ni upande. Kenya tunaendesha kushoto. Ukisimama kando ya barabara kuu pale Mtito Andei au Maungu kuwapa watoto chai, upande wa kushoto ni vichaka na wa kulia ni malori. Mlango na jiko vinapaswa kuwa kushoto. Trela zilizoundwa Afrika Kusini na Australia huwa hivyo kwa kawaida, kwa kuwa nao wanaendesha kushoto. Zilizoundwa kwa ajili ya nchi za Ghuba au Ulaya bara huwa na mlango kulia, na huko ndiko mtoto atakakoshukia, mbele ya basi. Bei yake huwa ya kuvutia. Usivutwe.

Jiko la nyuma kabisa, kwenye mlango wa mkia, nalo lina tabia yake. Trela ikikimbia kwenye barabara ya vumbi, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kulinyonya vumbi hadi kwenye kila upenyo. Vumbi letu jekundu, lile linalowafanya tembo wa Tsavo wawe wekundu, utalikuta kwenye unga, kwenye vikombe, kwenye kisu. Droo ya ubavuni yenye mpira wa kuzibia huingiwa na vumbi kidogo kuliko hilo.

"Mpangilio uliowafaa Waafrika Kusini na Waaustralia utatufaa na sisi."

Upande wa mlango, ndiyo, kama nilivyosema. Zaidi ya hapo, angalia wanakokwenda kulala. Kambi kuu za Kruger zina ua, umeme, na vyoo na bafu vilivyo karibu; mpangilio wao unaweza kumudu mtoto aliye jirani ya mlango. Australia haina simba wala tembo. Kambi zetu za umma za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni mahali pa kwenda ukiwa umejibebea karibu kila kitu. Kwa hiyo trela yetu inahitaji maji mengi zaidi na vifaa vichache vya umeme.

Na hapo ndipo linapokuja dai la mafundi, linalosemwa kwa nia njema: "Weka kitu popote penye nafasi, mradi sakafu ibebe." Nawaheshimu mafundi wetu, lakini hapa wasikilize. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 120 ni uzito wa watu wazima wawili wembamba. Likiwekwa nyuma ya ekseli, pamoja na friji na jiko la mkia, kwa sababu vitanda vya ghorofa vimejaza mbele, trela inainua pua na kuanza kuyumba. Kanuni inayotumika sana ni kwamba sehemu ya kumi ya uzito wote ikae kwenye ndoano: trela ya kilo 1,000, kama kilo 100 mbele. Ikiwa nyepesi mno hapo, lori likikupita kwa kasi kwenye uwanda wa Taru, ambako upepo hauna kizuizi, mkia unaanza kucheza na dereva hana cha kufanya ila kupunguza mwendo taratibu na kuomba. Maji yakae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mpangilio wa kulala ufuate hapo, si kinyume chake. Kama vitanda vya ghorofa haviruhusu, ondoa kimoja.

Kuna wanaosema trela yenyewe ni anasa, hema la kawaida linatosha. Kwa familia nyingi za Kaloleni wamesema kweli. Hema zuri la vyumba viwili, gari la kawaida barabara ikiwa kavu, na bajeti ya kiingilio, vinampa mtoto usiku uleule wa nyota. Wengine wanakuja kwa treni tangu Madaraka Express ilipoanza mwaka 2017, wanashuka Voi na mahema mgongoni na kukodi gari hapa. Yote niliyosema juu ya mlango, ndoo na aliye karibu na zipu yanalihusu hema hilo pia.

Anayetaka trela bado, afanye alivyofanya mteja mmoja wa jirani yangu fundi. Kabla ya chuma kukatwa, walichukua jivu la jikoni wakachora mpangilio mzima uani kwa ukubwa wake halisi: vitanda, kimeza, mlango, ngazi, alama ya ndoo. Familia nzima ikalala ndani ya mistari, nyanya akiwemo. Ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa na neno. Kijana mkubwa miguu yake ilipita mstari. Ngazi ilitua juu ya mto wa nyanya. Walifuta kwa fagio, wakachora upya, mlango wakauhamishia miguuni pa mama.

Fanyeni hivyo jioni, giza likiingia, kisha mwambieni mdogo ainuke amtafute mama yake bila taa. Akimfikia bila kupita mlangoni, mpeni fundi vipimo hivyo aanze kukata vyuma.